Lifti ya marubani: nani hasa ananufaika na kiti cha bure?

Konda wa daladala akipanda gari la mwenzake hadaiwi nauli. Anasema "staff", mwenzake anaitikia kwa kichwa, safari inaendelea. Marubani wa Marekani wana utaratibu wa namna hiyo hiyo, ila wao wanaufanya futi 35,000 angani, na umezungukwa na sheria, mitambo ya kuhakiki vitambulisho, makubaliano baina ya kampuni na kampuni, na manung'uniko yasiyokwisha.

Nyuma ya kapteni na rubani msaidizi, ndani ya chumba chao, kuna kiti cha kukunja. Ndege ndogo kama Embraer 175 huwa nacho kimoja. Boeing 737 inaweza kuwa na viwili. Kiliwekwa kwa ajili ya wakaguzi wa FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, na kwa wakufunzi wanaopima marubani wenzao. Kikiwa kitupu, rubani asiye kazini anaweza kukiomba bila kulipa hata senti, hata kama ameajiriwa na kampuni nyingine kabisa. Ni chembamba, kigumu, magoti yanakaribia kidevu, na chini ya futi 10,000 mgeni hatakiwi kufungua mdomo isipokuwa kwa jambo la usalama. Bure yenyewe inalipwa na mgongo.

Utaratibu wa kukipata una heshima zake. Mgeni anafika kwenye meza ya lango la kuondokea na kitambulisho cha kazi, leseni na cheti cha afya. Mfanyakazi wa langoni anaingiza namba yake kwenye mfumo unaoitwa CASS, picha inatokea kwenye skrini, naye analinganisha sura. Akikubaliwa anapewa karatasi ya kupandia, lakini kazi haijaisha. Anateremka hadi mlangoni mwa ndege, anamsalimu kapteni na kuomba: "Kapteni, naomba lifti kwenda Denver, tafadhali." Anaomba hata kama karatasi iko mkononi. Anayepita moja kwa moja na kujibwaga kitini bila kuomba anaweza kujikuta amerudishwa nje, na marubani wenzake hawatamwonea huruma.

Kwa nini watu wazima wenye mishahara waombe lifti kila wiki? Kwa sababu rubani wa Marekani mara nyingi haishi anakofanyia kazi. Kampuni inampangia kituo New York au San Francisco, ambako kodi ya nyumba inatisha. Yeye familia yake iko Florida au Ohio. Kituo kikihamishwa au kufungwa, kuhamisha watoto shule kila mara haiwezekani. Kwa hiyo anasafiri kwenda kazini kwa ndege, na akifika analala kwenye nyumba za kuchangia zenye vitanda vya juu na chini. Kew Gardens, mtaa wa Queens ulio kati ya viwanja vya JFK na LaGuardia, umejaa nyumba hizo kiasi kwamba wafanyakazi wa ndege wameutania kwa kuuita Crew Gardens.

Sasa tuje kwenye ugomvi wenyewe. Kila kampuni ina masharti yake. Moja inataka mgeni ajiandikishe mapema mtandaoni, nyingine inamtaka afike mezani mwenyewe. Moja inampa kiti chochote cha abiria kilichobaki, hata wakiwa wageni saba, na nyingine inaweka ukomo. Kuna inayodai sare au tai, na kuna inayoridhika na shati lenye kola. Foleni nayo inatofautiana: marubani wa kampuni yenyewe hutangulia, mara nyingi wakifuatiwa na wa kampuni tanzu, kisha wengine; lakini ndani ya kila kundi kuna anayehesabu miaka ya utumishi na kuna anayehesabu nani alitangulia kufika. Kampuni za mizigo kama FedEx na UPS, ambazo ndege zake hupishana usiku kucha Memphis na Louisville, nazo zina taratibu zao. Rubani aliyezoea masharti ya nyumbani kwake anaachwa langoni kwa kosa la kutojua ya jirani.

Wanaotetea tofauti hizi wana hoja. Ndege ni mali ya kampuni, na jambo likiharibika ni kampuni inayoshtakiwa. Tena ubadilishanaji huu hauko sawa: kampuni kubwa yenye safari mia kwenda kila pembe inabeba wageni wengi kuliko inavyobebewa marubani wake, ilhali kampuni ndogo ya kukodisha ndege inapokea fadhila isiyoweza kuirudisha. Kudai masharti sawa kwa wote, wanasema, ni kama mgeni kupanga ukubwa wa tonge.

Upande wa pili unajibu kwamba fadhila hii ni ya kupeana. Kampuni moja ikibana, nyingine hulipiza, na anayeumia ni rubani ambaye hakuulizwa kitu katika uamuzi wowote. Mimi nakubaliana nao nusu. Kwa viti vya abiria, kila kampuni iwe na masharti yake, asiyejua asome. Kwa kiti kilicho ndani ya chumba cha marubani sioni sababu ya kanuni kumi na tano. Pale si suala la ukarimu tena. Anayekaa pale anaweza kunyoosha mkono akafikia vitu vinavyozima injini.

Halafu kuna mamlaka ya kapteni. Sheria ya Marekani inaorodhesha wanaoweza kuingia chumbani humo, lakini inamwachia kapteni uwezo wa kumtoa mtu kwa sababu za usalama. Kutokana na hilo umejengeka utamaduni kwamba kiti ni cha kapteni, si cha kampuni. Utamaduni huo una uzuri wake: yeye ndiye anayemtazama mgeni machoni, ananusa harufu ya pombe, anaona mikono inayotetemeka. Ila umewahi kutumika kama fimbo. Baada ya migomo ya Continental iliyoanza 1983 na ya United ya 1985, majina ya marubani waliovuka mstari wa wagomaji yalisambazwa, na kwa miaka mingi makapteni walikuwa wakiyaangalia kabla ya kutoa lifti. Msaliti wa mgomo alibaki langoni. Namwelewa kapteni aliyepoteza nyumba kwa sababu ya mgomo, lakini huwezi kushika uwezo uliopewa kwa ajili ya usalama ukautumia kulipa kisasi, kisha kesho ukaja juu kampuni inapotaka kuupunguza.

Kwenye ulinzi hoja zinakuwa nzito zaidi, na matukio matatu yanatosha kuonyesha mpaka wa mfumo. Desemba 7, 1987, mfanyakazi aliyefukuzwa na USAir alitumia kitambulisho ambacho hakikuwa kimechukuliwa, akapita bila kupekuliwa Los Angeles akiwa na bastola, akapanda ndege ya PSA safari namba 1771. Watu wote 43 walikufa. Yeye alikuwa na tiketi, hakuwa kwenye kiti cha lifti. Lakini kosa la kitambulisho cha mtu aliyekwisha kufukuzwa ndilo hasa ambalo mfumo kama CASS, uliokuja baada ya Septemba 11, 2001, unalikamata.

Aprili 7, 1994 ni habari tofauti. Mfanyakazi wa FedEx, fundi mwendeshaji wa injini ndani ya ndege, alipanda DC-10 ya kampuni yake Memphis kama mwomba lifti wa kawaida, na kesho yake alitakiwa kujieleza mbele ya kikao cha nidhamu. Ndani ya sanduku la gitaa alificha nyundo na bunduki ya kuvulia samaki. Aliwavamia marubani watatu, nao, huku mafuvu yamepasuka, walimpiga mweleka huku wakirusha ndege kwa nguvu za ajabu mpaka wakairudisha Memphis. Na Oktoba 22, 2023, rubani wa Alaska Airlines aliyekuwa amekaa kiti cha ziada cha ndege ya Horizon, kampuni dada, alishika vishikio vya kuzimia moto, ambavyo huzima injini, na kujaribu kuvivuta, ndege ikitoka Everett kwenda San Francisco na watu wengine 83. Baadaye alieleza kwamba alikuwa hajalala, na kwamba siku mbili kabla alikuwa amekula uyoga wa kulevya.

Wote wawili, wa 1994 na wa 2023, wangepita CASS bila shida. Walikuwa waajiriwa halali. Mfumo unauliza kama mtu huyu yumo kwenye orodha ya kazi, hauulizi anaendeleaje. Ndiyo maana sikubaliani na wanaotaka kiti hicho kibaki kwa marubani wa kampuni yenyewe peke yao, kana kwamba hatari inavaa sare ya jirani. Hao wawili walikuwa wa nyumbani.

Na usisahau upande wa faida, ambao hauandikwi sana kwa kuwa safari iliyofika salama si habari. Oktoba 28, 2018, Boeing 737 MAX ya Lion Air iliyokuwa ikitoka Denpasar kwenda Jakarta ilianza kuinamisha pua yenyewe. Nyuma ya marubani wawili alikaa wa tatu, asiye na jukumu lolote katika safari ile, naye alikuwa na nafasi ya kutazama paneli nzima wakati wenzake wanapambana na usukani. Mtambo uliokuwa ukiinamisha ndege ulizimwa, wakatua salama. Asubuhi iliyofuata ndege hiyo hiyo iliruka na marubani wawili tu, ikaanguka baharini na watu 189.

Lakini ugomvi wote huu, wa foleni na tai na nani anyimwe, mimi nauona mdogo ukilinganisha na ule usiotajwa langoni. Usiku wa Februari 12, 2009, ndege ya Colgan Air safari namba 3407 ilianguka karibu na Buffalo, wakafa watu 50, mmoja wao akiwa nyumbani kwake. Rubani msaidizi alikuwa na kituo cha kazi Newark, naye aliishi karibu na Seattle, upande wa pili wa nchi. Usiku wa kuamkia safari ile alikuja kazini kwa lifti ya ndege za FedEx, akabadilisha Memphis usiku wa manane, akafika Newark kama saa 12:20 asubuhi. Kapteni naye aliishi Florida na alilala kwenye chumba cha mapumziko cha wafanyakazi. Bodi ya uchunguzi, NTSB, ilisema chanzo ni jinsi kapteni alivyoitikia onyo la ndege kupoteza mwendo. Kuhusu uchovu ilisema huenda ulipunguza uwezo wao, ila haikuweza kupima kwa kiasi gani.

Sheria mpya za mapumziko zilianza Januari 2014: saa 10 kati ya zamu na zamu, ndani yake nafasi ya kulala saa 8. Zilihusu ndege za abiria, za mizigo zikaachwa. Na zina jambo moja ambalo watu hupita bila kulitazama. Kampuni ikimtuma rubani asafiri kama abiria kwenda kuchukua ndege mji mwingine, saa hizo ni za kazi. Rubani akienda kazini kwa lifti, saa hizo hizo, pengine ndani ya ndege ile ile, zinahesabika kama muda wake binafsi. Kwa karatasi, amepumzika.

Hapo ndipo ninapoona mnufaika mkubwa. Kampuni inafungua kituo kwenye mji ambao rubani mpya hawezi kuumudu, haimlipi posho ya kuishi huko, haimhesabii safari, na bado kila Jumatatu kiti cha rubani kina mtu. Kinachoziba pengo ni ukarimu wa marubani wenyewe kwa wenyewe. Mikataba mingi ya Marekani ina kifungu cha kumlinda msafiri wa mbali: ukijaribu ndege, kwa kawaida mbili, zilizokuwa na nafasi na zote zikakushinda, huadhibiwi. Ni afadhali kuliko hakuna. Lakini kinamlinda na adhabu, usingizi hakimpi. Anayeogopa kukosa ndege ya pili anapanda ya usiku, na anafika akiwa amechoka kihalali.

Vyama vya marubani navyo havina mikono misafi katika hili. Serikali ilipotaka kugusa suala la kuishi mbali, wengi wao walikuwa wa kwanza kupinga, kwa kuwa uhuru wa kuishi Ohio na kurusha ndege kutoka New York ni mmoja wa mambo matamu ya kazi hii. Utafiti wa Akademia ya Taifa ya Sayansi uliochapishwa 2011, ulioagizwa na Bunge baada ya Buffalo, haukuona ushahidi wa kutosha kuweka sheria ya kubana safari hizo. Hofu nyingine ya vyama inaeleweka: saa za lifti zikihesabiwa kazini, kampuni itaanza kuajiri wanaoishi jirani tu.

Hata hivyo si lazima kuhesabu saa zote. Rubani anayeingia zamu baada ya kuvuka nchi nzima apewe chumba cha hoteli kwa gharama ya kampuni usiku uliotangulia. Mikataba michache imeshaanza kutoa vyumba vya aina hiyo, kwa masharti. Pakiwa na kitanda cha uhakika Newark, ndege ya saa sita usiku kupitia Memphis haina haja tena ya kuwa chaguo la kwanza, na nani atangulie kwenye foleni ya Memphis litakuwa tatizo la watu wanaorudi nyumbani.