Matanga ya Kituoni

Mzee Ojwang, mchekeshaji wa runinga yetu ya Kenya, alipofariki, Julai 12, 2015, nilikuwa Mombasa. Nilikuwa nimeomba likizo kazini London nikamalizie kumi la mwisho la Ramadhani nyumbani na Idi niile kwa mamangu, jambo ambalo sikulipata kwa miaka sita. Habari zilitufikia usiku uleule, watu washatoka tarawehe, kahawa chungu inazunguka barazani kwetu Kibokoni.

Mmoja wetu aliisoma kwenye simu, akanyamaza. Kisha akasimama katikati ya baraza, akakohoa, akaanza kusema kwa ile sauti na ile lafudhi ya Kijaluo. Baraza zima likaangua kicheko. Halafu kimya. Halafu mwingine akadaka zamu, akawa Mama Kayai, mke wa Ojwang wa kwenye runinga, mkono kiunoni, anamfokea mumewe. Mwenye kahawa naye akatua dele lake chini, akawa hakimu wa kile kipindi cha Vioja Mahakamani. Tuliendelea hivyo mpaka karibu na daku. Asiyejua angepita akadhani tuna harusi.

Nilipoingia ndani nilimkuta mamangu macho.

"Ni kweli Ojwang kafa?"

"Kweli, mama."

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun."

Mdogo wangu, ambaye siku hizo alikuwa anasoma sana, akataka kuuliza kama hiyo yafaa kusomwa kwa mtu yule. Mama akamkata kabla hajafika mbali: "Kwani weye u wa nani? Si sote ni wake?"

Wa bara mtanisamehe, lakini mnajua wenyewe kwamba mtu wa Mvita humwambii kitu kuhusu Kiswahili. Mtu akisema "kitabu yangu" tutamnukuu wiki nzima. Na huyu Ojwang alituvunjia Kiswahili sebuleni mwetu miaka nenda miaka rudi, nasi tukampenda. Marehemu bibi yangu, aliyekuwa akimsahihisha hata mtoto wa jirani aliyetumwa chumvi, alikuwa akiwahi kuswali ili asipitwe na Vitimbi, kipindi chake Ojwang. Runinga ilikuwa moja, Great Wall ndogo isiyo na rangi, na watoto wa mtaa mzima walijaa mkekani, ndara zao zimeziba mlango. Mmoja yuko juu ya paa anageuza antena, mmoja dirishani anampigia kelele: "Hapo hapo! La, ushapita, rudisha!" Ukicheka, unacheka na watu ishirini. Kichekesho kikikupita kuna wa kukusimulia.

Asubuhi yake ndipo wengi wetu tulipojua kwamba jina lake hasa lilikuwa Benson Wanjau, na kwamba alikuwa Mkikuyu. Kinyozi wetu alikataa katakata. Alisema gazeti limekosea, Ojwang ni mtu wa Kisumu, mwisho. Katika nchi ambayo mtu huulizwa jina la pili kabla hajakaribishwa kiti, na ambayo mwisho wa 2007 iliona majina hayo yakigeuka sababu ya watu kuuana, mzee wa Kikuyu alikuwa ametufanya tumpende Mjaluo aliyemvaa kama kanzu. Wala hatukumwona akiivua.

Nikarudi London. Miezi sita baadaye, Januari 14, 2016, akafa Alan Rickman, mwigizaji wa Kiingereza, mwenye miaka 69, kwa saratani ambayo aliificha hata watu wengi waliomjua. Mimi hufanya kazi jikoni kwenye hoteli moja karibu na kituo cha King's Cross, zamu ya usiku. Nikitoka alfajiri hupita kituoni, mahali pale penye kigari cha mizigo kilichozama nusu ukutani, ambapo watalii hupanga foleni wapigwe picha kwa sababu ya zile filamu za mtoto mchawi, Harry Potter. Alfajiri ya kesho yake hapakuwa na picha. Palikuwa na maua na karatasi nyingi zilizoandikwa kwa mkono, nyingine neno moja tu, lile alilolisema mhusika wake humo: "Always", yaani daima. Watu wanafika, wanainama, wanaweka, wanaondoka. Hakuna aliyesema na mwenzake.

Mimi sikumjua kama mwalimu wa uchawi. Mimi nilimjua kama adui. Kwenye vibanda vya video vya Majengo filamu ilikuwa na watu wawili tu, steringi na adui, na yeye ndiye adui tuliyempenda kuliko steringi mwenyewe, yule mwenye suti safi na maneno ya taratibu, anayeporomoka kutoka juu ya jengo refu mwishoni. Filamu ile, Die Hard, ilitoka 1988, na ndiyo iliyokuwa filamu yake ya kwanza ya sinema, naye ashapita arobaini. Kibandani, akianza kuanguka, sote tulinyanyuka kwenye mabenchi.

Basi nikamwona msichana mmoja amesimama pale analia peke yake, nami, kwa uchovu wa zamu na kwa malezi ya baraza, nikafanya lile ambalo kwetu lingefanywa. Nikamwiga. Nikanyoosha mikono, nikatoa macho, nikaanguka kutoka ghorofani, taratibu, pale pale kituoni. Alinitazama namna ambayo sitaki kuieleza. Akashika begi lake vizuri, akaenda zake.

Nimemfikiria sana msichana yule, na simlaumu. Wao walimtazama mtu wao kila mmoja chumbani kwake, mlango umefungwa. Alipokufa hawakuwa na pa kukutania, ikabidi waazime kituo cha treni. Sisi mahali tulikuwa napo tangu Ojwang yu hai. Wenzangu hapa wakisikia hadithi hii husema Waingereza hawana moyo. Huo ni uongo. Mtu asiye na moyo hapandi treni na shada mkononi kwa ajili ya mtu asiyemjua.

Tena yako mambo ambayo wametushinda wazi, na baraza zetu hazipendi kuyasikia. Hapa waigizaji wana chama chao cha wafanyakazi, Equity, tangu 1930, na mara nyingi mchezo ukirudiwa hewani mwigizaji hupata kitu. Ojwang wetu, aliyetuchekesha sisi na watoto wetu, macho yalimsumbua uzeeni hadi ikabidi wananchi wamchangie apate matibabu. Tulichanga, ndiyo, na tulichanga kwa mapenzi. Lakini mtu aliyejaza sebule za nchi nzima hakupasa kungoja mchango. Mimi mwenyewe nilituma pauni kumi na nikajiona mwema, jambo ambalo likinijia sasa naona haya.

Nikirudi kwetu siku hizi namkuta mpwa wangu barazani, kweli, pale pale, ila ana vidude masikioni na anacheka peke yake. Nikimuuliza anacheka nini husema, "Ah, ami, huwezi kumjua." Huyo asiyeweza kujulikana akifa, sijui mpwa wangu atakwenda kumlilia wapi. Kibokoni hakuna kituo cha treni.

Jioni ile ya Januari nilimpigia mamangu, nikamwambia kafa yule adui aliyekuwa akianguka ghorofani. Alimkumbuka, kwa sababu aliwahi kunitafuta vibandani akiwa na ufagio mkononi na kunikuta nimeganda mbele yake.

"Maskini. Kaacha mke?"

"Kaacha. Walikuwa pamoja tangu ujana wao."

"Na matanga yake ni wapi?"

"Watu naona wanakwenda kituoni, mama. Kituo cha treni."

Alikaa kimya kidogo. Nilisikia muadhini wa Isha nyuma yake.

"Kituoni," akasema. "Na hao waliokwenda, hata kahawa walipewa?"