Dogo wa darasa la tatu kanimalizia kampeni

Najua mmeshaisikia ya mkutano wangu wa kampeni wa Jumamosi. Meneja wangu wa kampeni (cheo kajipa mwenyewe, mimi nilimwomba abebe spika tu) kairusha status tangu juzi usiku, na yake imejaa chumvi. Eti nilikimbia. Sikukimbia. Nilitembea kwa kasi. Sasa sikilizeni ya mwenyewe.

Kampeni za serikali za mitaa mwaka huu wa 2024 ni siku saba tu, zimeanza tarehe 20 na Jumatano hii ya tarehe 27 Novemba watu wanapiga kura, kwa hiyo nikajitia ujanja: wagombea wenzangu wahutubie, mimi nisikilize. Jumamosi saa kumi jioni, chini ya mwembe wetu hapa Mbagala, nikashika kipaza. "Leo siongei. Nimekuja na masikio na kalamu." Makofi. Nikanogewa, nikaongeza ambalo hakuna aliyeniuliza: "Na soda sihongi! Takrima, ile ya kuwakirimu wapiga kura, Mahakama Kuu iliifuta tangu 2006!" Makofi tena. Laiti ningekaa hapo hapo.

Wakaanza kumwaga kero. Mama mmoja akapima kwa kiganja, usawa wa goti lake, maji ya mtaro yalipofika ukutani kwake mvua ya juzi. Mwingine akasema gari la taka halionekani ila mkusanya hela ya taka haugui hata siku moja. Kijana akalalamikia barua ya utambulisho: ukiifuata unaambiwa wino wa muhuri umekwisha, mpaka utoe elfu mbili ya wino. Halafu bibi mmoja wa mstari wa mbele: "Mie nimejiandikisha mwezi wa kumi. Mjukuu ananambia lile la mtaa tu, la mwakani la rais ni daftari jingine. Sasa mie nimo daftari gani, baba?"

Mimi kichwa chini, kalamu haipumziki. Ila wadau, semeni kweli, nani anasikiliza mtaro dakika arobaini huku mwenye turubai amesimama nyuma na bado anamdai? Mkono ulikuwa unaandika, moyo uko kwenye turubai.

"Baba, umeniandika?" bibi akauliza.

"Neno kwa neno, bibi."

"Haya, nisomee."

Nikautazama ukurasa. Mate yakakauka. Nikasema nimesahau miwani nyumbani. Jamani, mimi sivai miwani, na mtaa mzima unajua sivai miwani.

"Basi mjukuu wangu yuko la tatu, huyu anasoma mpaka gazeti. Nenda kamsaidie baba."

Dogo akaja, kaptula ya shule, midomo myekundu kwa ubuyu. Nikalishika daftari kwa nguvu, naye akalivuta kwa adabu. Tukavutana kidogo, mbele ya watu sitini, mimi mgombea na mtoto wa miaka tisa, akashinda. Meneja wangu, bila kutumwa na mtu, akamsogezea kipaza mdomoni.

Akasoma kama wanavyofundishwa, kidole chini ya neno, kinaacha doa la ubuyu kila kinapopita.

"Vi-ti. Si-ti-ni. Elfu. Thelathini."

Kimya. Watu wanadhani ni utangulizi.

"Mwe-nye. Turubai. A-na-ni-ta-za-ma."

Vichwa sitini vikageuka nyuma kumtazama mwenye turubai.

"Hapa kuna picha," akaendelea, akaliinua daftari juu. "Mtu kakaa kwenye kiti kikubwa. Ana muhuri."

Kuna jamaa kule pembeni alianza kukohoa, siyo kikohozi cha mafua.

"So-da. Kreti mbili. Ziko kwa she-me-ji. Zi-to-ke watu wakipungua."

Nikanyoosha mkono nimnyang'anye. Akageuza mgongo, mtoto ana nidhamu ya masomo huyo, habakishi mstari.

"Bibi. Wa. Daf-ta-ri. A-na-o-nge-a sana. A-pe-we ya ba-ri-di. A-nya-ma-ze."

Akanyamaza yeye. Akaunyanyua uso, akamtafuta nyanyake, akauliza, kwenye kipaza, kwa upole kabisa:

"Bibi, ni wewe?"

Kumbe shemeji yangu kule nyuma ya ukuta kasikia neno "soda" kwenye spika, akajua ndiyo ishara. Akatokea na mkokoteni, kreti zinalia kachala kachala, anapiga mluzi. Hapo ndipo nilipotembea kwa kasi.

Turubai lilifunguliwa watu wakiwa bado chini yake. Soda ziliisha. Bibi alikunywa mbili, zote za baridi, na hakunyamaza.

Leo asubuhi nimekwenda kwake kuomba radhi, na daftari jipya. Kanikalisha kwenye kigoda, kanieleza upya kila kitu, nimejaza kurasa mbili za mtaro peke yake. Hiyo meneja hajairusha. Mjukuu alikaa ubavuni kwangu muda wote akinikagua. Nilikuwa nimeandika "mtalo".