Niacheni na Bangkok yangu, nyie mnaijua mtaa mmoja tu

Jumapili iliyopita nimemsindikiza mteja wangu Suvarnabhumi, dada mmoja wa Kariakoo ambaye namfungia mizigo mwaka wa tatu sasa. Toka Pratunam mpaka airport tulikuwa kwenye foleni na muda wote ule analalamika. Mdogo wangu mnaishije huku, watu kama siafu, joto, makelele, mtu hupati hata pa kuvutia pumzi. Tulipofika akashusha mabegi, akanishika bega, akaniambia kwa huruma kabisa, yani huruma ya kweli, "Mungu akufanyie wepesi urudi nyumbani." Nikaitikia amina kwa sababu ni dada yangu na dua haikataliwi, ila nimerudi kwangu nimenuna na mpaka leo sijatulia ndo maana naandika.

Huyu dada amekuja Bangkok mara sita. Mara zote sita amelala hoteli ileile, amenunua magauni kwenye majengo yaleyale ya Pratunam, amekula kwa Wahindi au chipsi kuku, amepanda teksi, amelala. Na si yeye tu, wateja wangu karibu wote wako hivyo, wa Dar, wa Nairobi, wa Lubumbashi. Hata wageni wenye hela wanaoishi huku miaka, maghorofani kule Sukhumvit, wengi wao mji wanauona kwenye kioo cha gari. Alafu wanasema Bangkok ni foleni. Sasa kama umechagua kukaa ndani ya foleni utaona nini kingine?

Mi naishi Ramkhamhaeng. Kutoka kwangu kwenda Pratunam kwa barabara asubuhi ni saa nzima na zaidi, kwa hiyo sipandi gari, napanda boti ya Khlong Saen Saep. Ule mfereji ulichimbwa toka 1837, enzi za mfalme Rama wa Tatu, ili kupitisha askari na vyakula kwenda vitani upande wa mashariki, na Waislamu walioletwa kutoka kusini, Pattani huko, wakapewa ardhi pembeni yake, ndo maana mpaka leo ukipita unaona misikiti imeukalia ule mfereji kama imeota pale. Maji ni meusi, sitawadanganya, na yananuka. Lakini panda ile boti saa 2 asubuhi! Haikusubiri, inagusa gati, unashika kamba unaruka ndani, kondakta kavaa helmeti anatembea kwenye ukingo wa nje kabisa wa boti kukusanya nauli na boti iko mbio, abiria wa pembeni wanavuta kamba kupandisha turubai maji yasiwarukie, ukifika kwenye daraja la chini paa lote la boti linashushwa na watu wanainamisha vichwa pamoja bila kuambiwa. Pamoja, na hakuna anayemjua mwenzake. Unapita uani kwa watu, nguo zimeanikwa, bibi anamwagilia maua kwenye kopo la rangi, mtu anapiga mswaki. Nusu saa haiishi umefika Pratunam, na yule dada yangu bado anasubiri lifti ya hoteli. Nauli yake haifiki baht 30, hela ya huku.

Nasema hivi: msongamano ndo utamu wenyewe wa huu mji, na ukiukwepa umebaki na nini? Joto na bili ya hoteli basi.

Lakini kinachoniuma zaidi ni kwamba sisi watu wa Kiswahili tuna kitu ambacho Mzungu inamchukua miaka kukipata, na tunakitupa. Sikilizeni. Mthai hakuiti "wewe". Mtu aliyekuzidi umri kidogo ni phi, mdogo wako ni nong, mama mtu mzima ni pa, mzee ni lung. Muuza matunda, dereva, mhudumu, mlinzi wa geti, wote wana nafasi kwenye ukoo hata kama mmeonana leo. Hii si ndo dada, kaka, mdogo wangu, mama, mzee tunayoitumia sisi kila siku toka tunazaliwa? Sisi hatuwezi hata kununua nyanya bila kumwita mtu mama. Alafu tunafika Bangkok tunanyooshea kidole kikokotoo, "how much, how much", hata salamu hakuna. Watu waliolelewa na shikamoo!

Mama anayeuza som tam, saladi ya papai bichi, kwenye soi yetu, yani kichochoro chetu, miezi ya kwanza nilikuwa naonyesha tu kwa kidole nalipa naondoka, na yeye hanitazami. Siku nikamwita Pa. Aliinua uso kutoka kwenye kinu (anatwanga papai bichi kwenye kinu na mchi kabisa, ukipita mbali unausikia ule mlio unakumbuka kwa bibi), akanitazama, akacheka, toka siku ile ananiita luk. Mwanangu. Sasa nikipita asubuhi naulizwa "kin khao rue yang", umeshakula wali? Hiyo ndo salamu yao. Mi mtoto wa Tanga, mtu akiniuliza kama nimeshakula wali unafikiri nitajisikia mgeni? Mwaka jana niliumwa homa nikalala ndani siku nne, siku ya tano bodaboda wa pale kona, wale wenye vizibao vya chungwa, akaja kugonga na mfuko wa uji wa mchele, katumwa na Pa. Wala sikujua kama anajua chumba changu. Nililia, na sisemi hivi kupamba maneno, nilikaa kitandani na ule mfuko wa moto mkononi nikalia.

Jiji la watu zaidi ya milioni kumi ukihesabu na pembezoni, na mtu amehesabu siku ambazo sikupita.

Alafu chakula, jamani, naomba mtu asiniambie tena Bangkok hapaliki. Kuna khanom krok, unga wa mchele na tui la nazi kwenye chuma chenye mashimo juu ya moto, vitumbua kabisa, ila vya kwao katikati vinabaki laini vinamwagika mdomoni na juu wanaweka majani ya kitunguu au mahindi. Kuna khao mok gai, biriani ya kuku ya njano, huku kwetu Ramkhamhaeng ukitoka swala ya Ijumaa kwenye kituo cha Kiislamu unaipata. Embe na wali wa kunata uliomwagiwa tui. Mchaichai, ndimu, pilipili, nazi, hivi ni vitu vya jikoni kwa mama zetu, mtu wa pwani anatoka na unga wa ugali kwenye begi kuja kujipikia hotelini kwa nini? Kama ni hofu ya nguruwe naielewa na hata mimi niko makini, unasema "mai ao mu" na unatafuta alama ya halali, ipo kila mahali hadi kwenye pakiti za biskuti.

Haya, na mabaya yapo, sikatai. Januari na Februari hewa inakuwa chafu, unaamka koo linakwaruza na majengo ya mbele huyaoni. Mambo ya kuripoti anuani uhamiaji kila siku 90 yanachosha. Treni ya juu, BTS, ni safi na inafika kwa wakati toka ilipoanza 1999, ila nauli yake kwa mtu wa kipato cha kawaida ni kubwa ukilinganisha na basi.

Na kuna la rangi. Kuna siku treni imejaa watu wamebanana mlangoni na kiti cha pembeni yangu kiko wazi. Kinauma. Sitamwambia mtu yeyote kwamba hakiumi au kwamba ukizoea utaona kawaida, sijazoea na sitaki kuzoea. Ila siwezi kukubali kwamba kile kiti ndo Bangkok nzima na uji wa Pa ni bahati tu. Siku hizi kuna akina mama huwa wanakuja kukaa pale na kunigusa nywele wakiuliza zinasukwaje, tunafika kituo cha Asok tunacheka.

Kitu kingine kinachonikera ni vile nikisema naishi Bangkok watu wa nyumbani, hasa wanaume, wanaanza kutabasamu. Mnafikiria usiku. Nawaomba muache. Starehe yangu mimi ni jioni. Nikimaliza mizigo mapema nachukua treni mpaka bustani ya Lumphini, wazee wanacheza aerobiki kwa kipaza sauti, kenge wakubwa wanatoka ziwani wanakatiza kwenye majani na hakuna anayewarushia jiwe, watu mamia kwa mamia wanakimbia kuzunguka. Saa 12 kamili wimbo wa taifa unapigwa. Wote wanasimama. Mkimbiaji anasimama jasho linamtiririka, mtoto wa baiskeli anashusha mguu, muuza maji anasimama, na kwa hiyo dakika moja unasikia ndege. Wimbo ukiisha, mguu uleule unaendelea. Nimeishi Dar, naipenda, lakini sijawahi kuona umati wa watu ukinyamaza hivyo jioni ya kawaida tu. Ukitoka pale kuna njia ya juu ya watembea kwa miguu inakupeleka mpaka bustani ya Benjakitti, palikuwa kiwanda cha tumbaku, sasa hivi ni msitu, hakuna kiingilio.

Kuna mzee mmoja wa vito kule Silom nilimpelekea barua ya mtu, aliposikia Tanzania akaniambia "Tunduru!" akaanza kunihesabia Kiswahili, moja mbili tatu, alikaa kule miaka ya tisini akinunua mawe. Alinisimulia mpaka chai ikapoa, vumbi, joto, watu wengi kumbe, kelele za mnada. Anapakumbuka kwa mapenzi na alikuwa mgeni asiyejua mtu. Alikula ugali, alipanda malori, alijifunza kuita watu mama na mzee.

Dada yangu anarudi Novemba, mvua zikiwa zimeisha. Nimemtumia voisi nimemwambia safari hii alete raba, teksi hatupandi, siku ya kwanza analala kwangu Ramkhamhaeng na asubuhi tunashuka gatini. Hajajibu bado, ameweka tiki za bluu tu. Pa nimeshamwambia kuna dada yangu anakuja, na yeye ameniuliza kitu kimoja: anakula pilipili ngapi?