Utando wa seli hautulii

Shuleni tulichora utando wa seli kwa rula: safu mbili za lipidi, yaani molekuli za mafuta zenye vichwa vya duara, mikia imejipanga kama askari kwenye gwaride. Miaka mingi baadaye nikainamia hadubini kuangalia chembe nyekundu za damu yangu mwenyewe. Kingo zake zilikuwa zinatetemeka. Nikaishika meza, nikidhani ni mimi ninayeitikisa. Wapi!

Mwaka 1975 wanafizikia Brochard na Lennon walionyesha kwamba joto la kawaida linatosha kuutetemesha utando huo, maana unene wake ni nanomita 5 hivi tu na unapindika kwa urahisi. (Baadaye ikabainika kuwa nishati ya seli yenyewe nayo ina mkono wake.)

Kupindika huko kunategemea mchanganyiko. Acha chupa ya mafuta ya nazi kwenye baridi ya Limuru mwezi Julai, asubuhi utayachokoa kwa kijiko. Ya alizeti yatamiminika kama kawaida. Mikia iliyonyooka, kama ya nazi, hubanana; iliyopinda, kama ya alizeti, hainyamazi. Sasa tia lipidi za aina zote mbili pamoja na kolesteroli kwenye kiputo kimoja cha utando, halafu kipoze. Zinajitenga, mabaka ya duara yanaelea kama mafuta juu ya supu. Mpaka wa baka una gharama yake ya nishati, kwa hiyo baka hufura kwa nje ili mpaka ufupike, wakati mwingine hadi likachomoza kama chipukizi. Umbo linaamuliwa na mapishi! Kwangu mimi hapo ndipo penye utamu wote.

"Sasa hiyo inatibu nini?" Swali hilo nimechoka nalo, lakini jibu liko Kilifi, pwani ya Kenya. Waliorithi damu ya kundi la Dantu kwa baba na kwa mama wana kinga ya asilimia 74 dhidi ya malaria kali. Ungetarajia siri iwe kwenye protini fulani ambayo kimelea huishika kama kitasa. Watafiti wa Kilifi na Cambridge, katika ripoti yao ya 2020, hawakuikuta hapo. Walipima mtetemeko wa kingo, wakaona utando wa Dantu kwa wastani umewambwa zaidi, kama ngoma iliyoota moto. Mkazo ukivuka kiwango fulani kimelea hupenya kwa nadra sana, hata kwenye damu isiyo ya Dantu.

Juzi nilimwambia binti yangu auchore utando kwa mkono, mistari iyumbeyumbe. Mwalimu akamkata alama mbili kwa kutotumia rula.