Kabla ya kumwitikia mtaalamu, muulize alijaribu wapi

Nilipokuwa kidato cha tatu, bwana shamba alifika kijijini kwetu, wilayani Kongwa, na mbegu mpya ya mahindi. Mama alimpa kigoda, akamletea maji ya kunywa kwenye kata, akamsikiliza hadi mwisho. Kisha akamuuliza: "Mwanangu, hii mbegu mliijaribu wapi?" Kijana wa watu akajibu kwa ukweli. Akataja mahali penye mvua nzuri, mbali na Dodoma.

Mama alishukuru na kuipokea. Shamba kubwa akapanda mtama na uwele kama kawaida yake, na ile mbegu akaipa kipande kidogo nyuma ya nyumba, karibu na bafu, maji yanapotiririkia. Nilimwonea aibu. Niliona anaikataa elimu ambayo mimi nilikuwa nalipiwa ada ili niipate.

Februari mvua ikakata. Kwetu hilo si ajabu, msimu ni mmoja tu na mara nyingi huwa na shimo katikati. Mahindi ya majirani yalikuwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Nakumbuka nilivyosimama mpakani nikitazama majani yamejikunja kama mkeka, asubuhi na mapema, kabla hata jua halijawaka. Mtama wa mama nao ulijikunja, lakini mtama una tabia yake: ukikosa maji hunyamaza, hauendi mbele wala haufi. Mvua iliporudi mwezi Machi, ukaamka. Mahindi hayakuamka.

Tangu hapo sikubali mtu akiniambia kwamba mkulima asiyefuata ushauri ni mbishi. Aliyelima udongo mmoja miaka thelathini amefanya majaribio thelathini, na kila jaribio alililipia kwa njaa au kwa shibe ya watoto wake. Wagogo njaa zao wamezipa majina. Ile iliyoanza 1917 na kuendelea hadi miaka mitatu hivi iliitwa Mtunya, na mtoto aliyelisikia jina hilo kwa bibi yake hahitaji jedwali la mvua ili ajue kwamba nchi hii husaliti.

Na Kongwa tumekwisha kulipia somo hili kwa gharama kubwa kuliko wilaya yoyote ninayoijua. Mwaka 1946 Waingereza walileta ujumbe wa wataalamu watatu, ukakaa wiki tisa, ukaandika mpango wa kulima karanga kwenye ekari zaidi ya milioni tatu, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika. Kiongozi wa ujumbe hakuwa mgeni wa nchi. John Wakefield aliwahi kuwa mkurugenzi wa kilimo hapahapa Tanganyika, na hilo ndilo linalonisumbua kuliko yote, kwa sababu linaonyesha kwamba mtu anaweza kuijua nchi nzima asiijue Kongwa. Yakaja matingatinga, vifaru vya vita vikageuzwa matrekta, na vichaka vya hapa vikayavunja. Udongo wetu una mfinyanzi, na jua la kiangazi huuchoma ukawa kama tofali, hivyo karanga zilizokubali kuzaa ziligoma kung'oka. Januari 1951 mpango ukafutwa, na serikali ya Uingereza ikafuta deni la pauni milioni 36. Sehemu ya ardhi ile baadaye ikawa ranchi ya ng'ombe. Ng'ombe! Wagogo walikuwa wanachunga huku tangu enzi za mababu zao.

Lakini sisemi mtu apuuze kila mwenye cheti, maana nimeona upande wa pili pia. Mwaka 2016 sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu unaoota kwenye nafaka, iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na chanzo kikawa chakula cha nyumbani, hasa mahindi. Mama alikuwa akianika nafaka juu ya udongo, kama alivyofundishwa na mama yake, na akichambua kwa macho aliamini amemaliza. Hapo uzoefu wake haukumfaa kitu. Ile sumu haionekani kwenye unga, na kuusonga ugali kwa moto mkali hakuiondoi. Walioijua ni wa maabara. Nilikwenda nyumbani na turubai mbili mgongoni, tukabishana jioni nzima, na mama akakubali. Tangu siku hiyo nafaka yake haigusi chini.

Kwa hiyo mimi hupima hivi. Jambo ambalo nimelishika kwa mkono na kuliona likizunguka mwaka hadi mwaka, mtaalamu ndiye anayepaswa kunithibitishia mimi. Jambo ambalo macho yangu hayalifikii, kama kirusi, sumu au uvimbe ndani ya mwili, hapo uzoefu wangu hauna la kusema, na kujifanya najua ni kuwahatarisha wanangu. Wengi wanaojiita watu wa kujiamini huchanganya haya mawili. Hukataa chanjo kwa sababu ya alichosema mtu kwenye simu, na wakati huohuo huuza mbuzi wote kufuata mradi wa mtu wa semina ambaye hajawahi kufuga hata kuku.

Wiki iliyopita nilimpigia mama simu. Amekuja bwana shamba mpya, safari hii ni binti. Mama akaniambia hakufungua mkoba wake. Aliomba kwanza aonyeshwe shamba, akachukua donge la udongo akaliponda kiganjani, akauliza mwaka gani mtama ulizaa vizuri kuliko mingine na mvua ilikata lini. Walikaa chini ya mti hadi adhuhuri.

"Sasa huyo umempa nini?" nikauliza.

"Nimempa nusu ekari," mama akasema. "Ile ya mbele, si ya nyuma ya nyumba."