Nenda Cusco, Lakini Kituoni Usiende

Binti wa kaka yangu anayesoma Toronto alinitumia ujumbe Jumapili usiku: "Shangazi shikamoo. Mwezi wa saba naenda Peru! Siku nne za kupanda hadi Machu Picchu, ule mji wa kale wa mawe, halafu wiki mbili najitolea kwenye kituo cha watoto yatima Cusco. Naomba unichangie." Chini yake akaweka picha ya mtoto wa kike, mashavu yamebabuka kwa baridi, kofia ya sufu imefunika masikio, amekumbatiwa na msichana wa kizungu.

Sikulala vizuri. Nilimjibu asubuhi, na niliyomjibu nayaandika hapa kwa kirefu, maana si yeye peke yake. Watoto wetu walioko ughaibuni sasa wana nauli na pasi za kufika huko, na safari hizi wanauziwa chuoni kama jambo la heri. Nia yao ni njema. Hata mimi nia yangu ilikuwa njema.

Nilikuwa Cusco mwaka 2014, nikijitolea kwenye kituo kama hicho. Mji uko mita 3,400 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo siku mbili za kwanza kichwa kinagonga, unapanda ngazi kumi unakaa chini, unanyweshwa chai ya majani ya koka. Siku ya tatu nikaanza kufundisha. Nilikuwa nimelipa dola 400 kwa wiki mbili. Hakuna aliyeniuliza kama nimewahi kusimama darasani, hakuna aliyetaka karatasi ya polisi, hakuna aliyejali kwamba Kihispania changu ni cha salamu na bei ya sokoni. Kwa sifa zile Moshi nisingepewa hata kazi ya kushinda na mtoto wa jirani.

Somo langu la kwanza lilikuwa rangi kwa Kiingereza. Nikaandika ya kwanza ubaoni. Kabla sijamaliza ya pili, binti mmoja wa miaka tisa, nywele zake misuko miwili mirefu, akaanza kuzitaja zote kwa mfululizo, na wenzake wakamfuata, mpaka ya mwisho. Walizijua. Kila mgeni aliyekuja aliwaanzishia rangi, halafu akaondoka, na aliyefuata akaanza tena na rangi. Miaka mitatu binti yule alikuwa amefundishwa Kiingereza, na hajawahi kufikishwa kwenye sentensi.

Kwenye bwalo lao kulikuwa na ukuta wa viganja. Kila anayejitolea alichovya mkono kwenye rangi akaugandamiza ukutani, akaandika jina na tarehe. Siku moja nikisubiri supu iive nilivihesabu: 112. Vyote vya watu wazima. Siku yangu ya mwisho nami nikaambiwa zamu yangu imefika. Aliyenishikia kopo la rangi ni yule binti wa misuko miwili. Akanionyesha nitanue vidole, nisisukume sana isije ikachuruzika. Nilipotoa mkono ukutani, kitambaa cha kufutia tayari alikuwa amekishika. Hakulia. Aliifanya kazi ile kama mtu anayeosha vyombo. Nilipotoka na begi langu saa tisa hakuja getini, na nilimwona kupitia dirishani anakunja nguo.

Miaka yote hii nimekuwa nikikifikiria kile kitambaa. Mtoto amejifunza kuaga. Amejifunza kwamba mtu mzima anayemsukia nywele, anayemwita mpenzi, anayempakata mapajani, ataondoka Jumamosi. Mtoto mdogo anahitaji watu wachache wasiobadilika, na sisi tukimjia kwa makundi, kila mmoja akitaka kupendwa kabla ya ndege yake, tunamfundisha moyo wake kujifunga. Mwaka 2000 watafiti walianza kufuatilia watoto 136 waliokuwa wakilelewa kwenye taasisi za Bucharest, Romania. Baadhi wakapelekwa kwa familia za kulea, wengine wakaendelea kubaki. Waliopelekwa walikua vizuri zaidi, hasa waliofika kwenye familia kabla hawajatimiza miaka miwili hivi. Taasisi yenyewe, hata yenye vitanda safi, haiwezi kumshika mtoto kama anavyoshikwa nyumbani. Sasa ongeza wageni 112 juu yake.

Halafu hilo neno yatima. Jumapili moja nilimkuta mama amekaa nje ya geti, mgongoni kabeba nguo ya kufumwa yenye mistari, ndani yake mahindi ya kuchemsha na viazi vile vinavyokaushwa kwa barafu ya usiku, wanaviita chuño. Alikuwa mama wa yule binti wa misuko miwili. Alishuka mlimani kwa kipanya, kwanza akatembea saa mbili kufika barabarani. Baba alikwenda mkoa wa Madre de Dios kuchimba dhahabu, na hela haiji kila mwezi. Shule iko mbali. Kituoni mtoto anakula mara tatu. Ndiyo sababu, hakuna nyingine. Wakakaa wawili kwenye jiwe wanamenya chuño na kuongea Kiquechua, lugha ya wenyeji wa milima ile, kwa sauti ya chini, na mlezi alipopita binti akahamia Kihispania ghafla. Peru iliifanya Kiquechua kuwa lugha rasmi mwaka 1975, lakini mtoto bado anajua wapi pa kuificha. Nilivalishwa kibao shingoni shuleni kwa kusema Kichaga, kwa hiyo niliijua ile sura yake.

Si jambo la kituo kile tu. Shirika la kutetea watoto la Save the Children liliandika mwaka 2009 kwamba duniani angalau watoto wanne kati ya watano walioko kwenye vituo vya namna hii wana mzazi mmoja au wote walio hai. Na kituo kinachoendeshwa kwa ada za wageni kinahitaji watoto wa kuonyesha wageni. Mwaka 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilionya waziwazi kuhusu utalii huu wa kujitolea vituoni. Mimi dola zangu 400 hazikumfikia yule mama kwenye jiwe.

Nakubali, kwa shingo upande, wapo wanaosaidia. Nilimkuta muuguzi mmoja aliyekuwa na mwaka wa pili pale, anaongea lugha zote mbili, na alikuwa akihangaika kuwarudisha watoto makwao, si kuwabembeleza. Kuna fundi aliyekuja siku tatu akatengeneza mabomba ya maji ya moto, akaondoka bila kukumbatia mtu. Hao sina neno nao.

Sasa nimemwambia mwanangu hivi. Nenda. Panda huo mlima, ni mzuri, utaona mawe yalivyopangwa utashindwa kusema. Ila waangalie wapagazi. Wengi ni wakulima wa Kiquechua, baba za watoto wa vijiji vile vile. Sheria ya Peru ya mwaka 2001 iliweka kikomo cha kilo 20 kwa mpagazi. Uliza mzigo umepimwa wapi, uliza wanalala wapi na wanakula nini, na bahasha ya bakshishi mpe mpagazi mkononi, usiiache kwa wakala. Baba yako alikuwa mgumu, yaani mpagazi, Kilimanjaro misimu minane, na ada yako ya darasa la kwanza ilitoka kwenye bahasha kama hiyo. Bibi yako hakulazimika kukupeleka kwa wageni ili ule.

Wiki mbili zilizobaki kaa Cusco ujifunze Kihispania, nunua blanketi kwa mama aliyelifuma mwenyewe bila kumvunjia bei, na mtoto aliyevishwa nguo za sherehe na kupewa mwanakondoo ili apigwe picha, usimpige hiyo picha.

Nauli nitakuchangia. Bahasha ya wapagazi nitaijaza mimi. Ya kituo sitoi hata senti.