Punda Mlangoni

Chai yangu imepoa na mlangoni pana punda. Si punda wa kupita. Hao tumewazoea, ukikutana naye kichochoroni unajibana ukutani umpishe kama bwana harusi. Huyu kaletwa kama kielelezo cha kesi: kavaa miwani ya jua ya waridi, na kwato mbili zimepakwa rangi ya kucha.

Mwenyewe ameketi barazani kwangu, ananiuliza hali ya nyumba, watoto, mpaka kuku. Mtu wa Lamu akikuamkia kwa urefu hivyo, jua umeshitakiwa.

"Athman wako," akasema, "siku ya tisa leo. Nikiingia msikitini alasiri, anamtoa punda wangu anampeleka njia ya pwani apigwe picha na wazungu."

Nikaenda kuvaa kofia, maana hukumu haitolewi kichwa wazi. Nikamwita kijana, kidato cha pili, nikaanza: haki ya jirani, amana, marehemu babu yako aliyekufa hajagusa hata ndoana ya mtu. Pumzi ilikuwa imenikaa vizuri, nakaribia siku ya kiyama, sauti ikatoka nyuma ya pazia.

"Picha moja pesa ngapi?"

"Mia mbili, Mama."

Kimya. Mke wangu huuza mahamri. Akinyamaza hivyo, anazidisha.

"Na video?"

"Mia tatu."

"Baba Athman, punda si huyo? Karudi, hakurudi? Basi mwizi yuko wapi?"

Nikasema kuchukua bila ruhusa ni wizi hata ukirudisha. Akaniuliza mashua ya kaka yake niliyokwenda nayo Manda, ruhusa nilimwomba nani. Lahaula! Mashua inaingiaje hapa?

Nikamgeukia mwenye punda, mzee mzima, haji, aniokoe. Anajikuna kidevu. "Siku tisa," akasema taratibu, "mara picha ngapi kwa siku?"

Hapo mahakama ikanihama. Nusu ya mwenye punda, robo ya kijana, na robo ya mama, kwa kuwa miwani ni yake. Miwani niliyomnunulia mimi! Nimesimama na kofia yangu, nimeachiwa kamba nishike, na punda anatafuna ukili wa mkeka. Jamani, mimi nalea nini humu ndani? Nikimwambia mtoto usiongope, mamake anamwambia usikubali bei ya kwanza.

Nikaondoka. Njiani nimepita hospitali ya punda, ile ya tangu 1987. Punda anatibiwa bure, anaoshwa kidonda, anapapaswa shingo. Mimi goti langu mwaka wa tatu. Juzi nimeamkia foleni ya hospitali ya watu alfajiri, zamu ilipofika naambiwa weka kidole kwenye mashine. Nikaweka. Haisomi. Nikaweka kingine. Haisomi. Miaka thelathini navuta kamba na nyavu, alama zitoke wapi? Binti wa dirishani akaniambia, "Mzee, jaribu kidole gumba cha kushoto."